Waraka Huu ni wa Nani? Maboresho ya Programu za Ofisi za Mtandaoni na Kumbukumbu Zetu

*Mhadhara kwa viongozi wa vikundi, walimu na watendaji wa kata ya Dunda, Bagamoyo*

   

Nimeombwa nizungumzie mambo mapya yanayoongezwa kila kukicha kwenye programu za ofisi tunazotumia kupitia intaneti: Google Docs, Sheets na Drive, Word, Excel na OneDrive za Microsoft, na nyingine za aina hiyo. Ningeweza kuja na orodha ya vitufe vipya tukavipitia kimoja kimoja mpaka alasiri. Ila baada ya miezi michache baadhi yake vitakuwa vimehamishwa, vingine vimepewa majina mengine, nanyi mtalazimika kuniita tena. Nimeona ni heri nishike jambo moja litakalobaki hata vitufe vikibadilika.

Jambo lenyewe ni hili. Mabadiliko ya programu hizi yanaamuliwa mbali na hapa, na hayasubiri ruhusa yetu. Kila yanapofika yanazikuta kumbukumbu zetu ziko mikononi mwa mtu fulani. Hapa kwetu, mara nyingi mno, mtu huyo ni mmoja: katibu wa kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), mwalimu wa taaluma, kijana wa kikundi anayejua kompyuta. Zimo katika akaunti yake binafsi, kwa neno la siri analolijua yeye peke yake. Tukishalipanga hilo vizuri, kila sasisho litakuwa faida. Tusipolipanga, hata sasisho zuri linaweza kutupotezea kumbukumbu.

Tulikotoka

Wengi wetu tulizifahamu kazi za ofisi kupitia steshenari. Unakwenda na karatasi ya mwandiko, kijana anakuchapia, anaprinti, unalipa kwa ukurasa. Faili linabaki kwenye kompyuta yake, au unaondoka nalo kwenye flashi ukiomba Mungu isiwe na virusi. Programu nayo ilikuwa imetulia. Ikishawekwa kwenye kompyuta, inabaki vile vile miaka nenda miaka rudi, mpaka mtu aje na toleo jingine.

Katika enzi hiyo nchi yetu ilifanya jambo la kujivunia. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na kwa ushirikiano na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili. Ilikuwa huru, bila ada, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ukishaipata, ni yako. Hakuna aliyeweza kuingia usiku kuibadilisha.

Mambo yaligeuka haraka baada ya hapo. Mwaka 2006 Google iliinunua Writely, programu ndogo ya kuandikia ndani ya kivinjari, na kutoka humo ikaizaa Google Docs. Microsoft ikafuata kwa Office 365 mwezi Juni 2011. Tangu hapo programu ya ofisi imekuwa huduma. Inakaa kwenye seva za kampuni, nasi tunaifikia kwa simu au kompyuta. Hilo ndilo tunaloliita wingu, ingawa halina uhusiano wowote na anga: ni majengo yenye maelfu ya kompyuta zinazowaka usiku na mchana, yaliyounganishwa nasi kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari.

Faida iliyotuvuta ni watu wengi kuandika waraka mmoja kwa wakati mmoja. Tuseme katibu yuko hapa Dunda, mwenyekiti yuko Mapinga, na wote wawili wamefungua jedwali lile lile. Kila herufi anayoigonga katibu inasafiri hadi kwenye seva. Seva inapanga mabadiliko ya wote kwa foleni, inarekebisha nafasi ya kila moja ili lisiharibu lililotangulia, kisha inawarudishia wote picha moja. Wazo hilo lilielezwa na watafiti Ellis na Gibbs mwaka 1989, kabla wengi wetu hatujaigusa kompyuta. Leo linafanya kazi kwenye simu ya mkononi pale forodhani, wakati mnada wa samaki unaendelea.

Maboresho yanayotufaa moja kwa moja

Nianze na mazuri, maana ni mengi.

La kwanza ni historia ya matoleo. Waraka wa wingu unajihifadhi wenyewe na unakumbuka ulivyokuwa jana, wiki iliyopita na mwezi uliopita. Mtu akifuta ukurasa mzima kwa bahati mbaya, unarudi kwenye toleo la nyuma na kazi yako unaikuta. Ni vizuri kujua kwamba mfumo unaweza kuyaunganisha matoleo ya zamani ili kubana nafasi. Dawa yake ni kulipa toleo jina, kwa mfano "Mwisho wa Machi". Jedwali moja la Google Sheets linaruhusu matoleo 15 yenye majina. Mwaka una miezi 12. Kikoba kinachofunga hesabu kila mwezi kina nafasi ya kutosha kutunza picha ya kila mwezi hadi siku ya kuvunja na kugawana akiba, na bado nafasi tatu zinabaki.

La pili lilikuja mwaka 2019: historia ya kisanduku kimoja cha jedwali. Tuseme hisa za mwanachama zilisomeka 15,000 kwenye kikao, leo zinasomeka 10,000. Ukiwa kwenye kompyuta, unabofya kisanduku hicho kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua kuona historia yake, na unaonyeshwa nani alibadilisha, lini, na namba ya awali ilikuwa ngapi. Ugomvi ambao ungewakalisha watu mpaka magharibi unakwisha hapo hapo. Chombo hiki kina mpaka wake: mtu akifuta safu nzima, historia ya kisanduku haitakuonyesha. Hapo utalazimika kurudi kwenye historia ya matoleo. Ndiyo maana vyote viwili vinahitajika.

La tatu ni mpangilio. Mwaka 2024 Google Docs iliongezewa vichupo, yaani waraka mmoja wenye sehemu zake pembeni. Mihtasari ya vikao vya mwaka mzima inaweza kukaa kwenye waraka mmoja, kila kikao na kichupo chake, badala ya mafaili kumi na mawili yenye majina kama "muhtasari mpya", "muhtasari mpya 2" na "muhtasari wa mwisho kabisa". Mwaka huo huo Sheets nayo ikapata majedwali yaliyokwishapangwa, ambayo safu ya tarehe inajua ni ya tarehe na safu ya fedha inajua ni ya fedha.

La nne ni lugha. Mwezi Agosti 2017 Google iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Ni jambo kubwa kwa mzee anayeijua hesabu ya kikundi kichwani lakini hana mazoea ya kuchapa. Anasema, simu inaandika, katibu anasahihisha.

Akili mnemba na bei yake

Sasa nije kwenye kinachozungumzwa kuliko vyote. Mwezi Novemba 2023 Microsoft ilianza kuyauzia makampuni Copilot, msaidizi wa akili mnemba anayekaa ndani ya Word, Excel na Outlook. Google nayo imeiingiza Gemini ndani ya Docs, Sheets na Gmail. Wasaidizi hawa wanaandika rasimu ya barua, wanafupisha ripoti ndefu, wanaeleza jedwali kwa maneno, na Kiswahili wanakiweza kwa kiasi kikubwa.

Mimi nawashauri muwatumie. Mwalimu mwenye darasa kubwa akisaidiwa kuandaa rasimu ya maswali ya mazoezi, amepata muda wa kusahihisha madaftari. Hata hivyo, naomba tushike masharti mawili.

Sharti la kwanza: msaidizi huyu anaandika kwa ufasaha hata anapokosea. Anaweza kukutajia uamuzi ambao kikao hakikuupitisha, kwa sentensi nzuri kabisa. Muhtasari alioufupisha usisainiwe mpaka katibu aliyekuwepo kikaoni ausome mstari kwa mstari.

Sharti la pili: kuweni waangalifu na mnachomlisha. Google yenyewe inawaonya watumiaji wa Gemini wasiingize taarifa za siri ambazo wasingependa mkaguzi wa kibinadamu azione. Kwa hiyo orodha ya wadaiwa wa kikoba haiingii humo. Majina ya wanafunzi na matokeo yao hayaingii. Taarifa za mgonjwa wa zahanati haziingii.

Kuna pia suala la fedha. Mwezi Januari 2025 kampuni zote mbili ziliingiza wasaidizi hawa ndani ya vifurushi vya kulipia na kupandisha bei: Google kwenye vifurushi vya biashara, Microsoft kwenye vifurushi vya mtu binafsi na familia. Kule Australia, mwezi Oktoba 2025, mamlaka ya ushindani na ulinzi wa walaji iliipeleka Microsoft mahakamani. Ilidai kwamba wateja wapatao milioni 2.7 hawakuelezwa wazi kuwa wangeweza kubaki na kifurushi cha zamani, kisicho na Copilot, kwa bei ya zamani. Nawatajia kisa hicho kwa sababu moja: hata katika nchi yenye mamlaka imara, mlaji asiyesoma taarifa ya mabadiliko anaweza kulipia kitu asichokiomba. Barua pepe yenye kichwa kinachosema huduma yako inabadilika huwa inachosha kuisoma. Isomeni.

Mabadiliko yasiyopigiwa tarumbeta

Ndugu zangu, hapa ndipo nataka mnisikilize zaidi. Vitufe vipya hutangazwa kwa video na picha za rangi. Masharti mapya huja kimya kimya, nayo ndiyo yanayogusa kumbukumbu. Nitataja matano.

Moja: pipa la taka. Tangu Oktoba 2020, faili lililotupwa kwenye pipa la Google Drive hufutwa lenyewe baada ya siku 30. Zamani lilikaa humo mpaka ulifute wewe. Wapo waliozoea kulitumia pipa kama kabati la ziada. Kabati hilo sasa linajimwaga.

Mbili: nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na humo zimo barua pepe, picha na nyaraka kwa pamoja. Tangu Juni 2021 nyaraka mpya za Docs na Sheets, ambazo awali hazikuhesabiwa, zinahesabiwa. Katibu akijaza akaunti yake kwa video za harusi, kitabu cha kikoba kinakosa pa kupumulia, maana akaunti iliyojaa haiwezi kuunda waraka mpya wala kupokea barua. OneDrive ya bure ni ndogo zaidi: gigabaiti 5.

Tatu: akaunti iliyolala. Mwezi Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, na ufutaji ukaanza Desemba mwaka huo. Sharti hili ni la akaunti za watu binafsi. Akaunti za shule na mashirika haligusi.

Nne: mahali pa kuhifadhia. Mwezi Agosti 2025 Microsoft ilitangaza kwamba Word ya Windows inaanza kuhifadhi waraka mpya moja kwa moja kwenye wingu bila kuuliza, ikianzia kwa watumiaji wa majaribio. Inakuokoa umeme ukikatika. Ila anayechapa barua ya mteja kwenye kompyuta ya steshenari ajue barua hiyo inaweza kwenda kukaa kwenye akaunti ya mwenye duka. Mpangilio huo unaweza kuzimwa. Muulizeni kijana wenu wa steshenari kama amekwisha kuutazama.

Tano: mwisho wa huduma. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na siku hiyo hiyo ikaziaga Office 2016 na Office 2019. Programu hizo hazikuzimika. Zinafungua na zinaandika kama kawaida, lakini mianya mipya ya usalama haizibwi tena kwa utaratibu wa kawaida. Kompyuta ya namna hiyo inayotumika na watu wengi kwa siku, kila mmoja akiingiza nywila yake, ni hatari kwa wote.

Akaunti ya mtu na mali ya watu

Sasa yawekeni masharti hayo pamoja, kisha mtazame maisha yetu.

Mwalimu mkuu msaidizi ametunza mahudhurio na takwimu za shule kwenye akaunti yake ya Gmail kwa miaka minne. Amepata uhamisho, amekwenda Rufiji. Kule anatumia akaunti nyingine, kwa sababu simu ya zamani ilianguka majini na namba ya kurejeshea akaunti ilikuwa kwenye laini iliyokwisha kufungwa. Shule aliyoiacha bado inaliona jedwali, kwa kuwa walishirikishwa. Wanalitumia na wanalitegemea. Lakini mwenye mali ni ile akaunti isiyofunguliwa. Miaka miwili ikitimia, jedwali liko hatarini kuondoka pamoja nayo, na shule haitapata barua ya onyo, maana onyo linatumwa kwa mwenye akaunti.

Mfano huu si wa shule fulani. Ni picha ya hali inayoweza kutokea katika taasisi yoyote yenye uhamisho, ugonjwa au kifo, yaani taasisi zote. Mtu akifariki, familia inahangaika na mazishi na eda. Nani atakumbuka neno la siri la akaunti yenye daftari la akiba za akina mama?

Bagamoyo ina sababu ya pekee ya kulijali hili. Mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, serikali yao ilipohamia Dar es Salaam. Nyaraka za utawala ule zimo leo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Watawala wale walikuja kututawala kwa mabavu, na pwani hii ilimwaga damu kuwapinga mwaka 1888 na 1889. Makaratasi yao bado yanasomeka, zaidi ya miaka mia moja baadaye, kwa sababu yalikuwa mali ya ofisi na yalikabidhiwa kutoka ofisi hadi ofisi. Haiwezekani hesabu za mkoloni zidumu karne nzima, halafu hesabu za mvuvi wa Dunda zipotee kwa sababu kijana mmoja amebadilisha simu.

Na njia ya kulizuia hilo hatuhitaji kuiazima popote. Kila kikoba kina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mmoja akisafiri na ufunguo wake, kikao kinajua. Hakuna mtu mmoja anayeweza kulifungua peke yake usiku, na sanduku ni la kikundi hata mwenyekiti akibadilishwa. Kitabu cha wingu kinastahili heshima ile ile ya sanduku. Tumekubali kwa muda mrefu kwamba fedha ya watu haikai mfukoni mwa mtu. Tukubali sasa kwamba kumbukumbu ya fedha hiyo nayo isikae kwenye akaunti ya mtu.

Sheria inasemaje

Jambo hili lina upande wa sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Katika sheria hiyo, taarifa za watoto na za miamala ya fedha ya mtu zimo katika kundi la taarifa nyeti. Shule inashika za kwanza, kikoba kinashika za pili. Sheria ina pia sehemu inayohusu kusafirisha taarifa nje ya nchi, na wingu la kampuni za kigeni liko nje ya nchi. Vituo vya wingu vya Microsoft na Google vilivyo upande wetu wa Afrika viko Afrika Kusini: vya Microsoft tangu 2019, cha Google kule Johannesburg tangu 2024. Mwenye akaunti ya bure hana hata nafasi ya kuchagua waraka wake ukae wapi.

Watendaji wa serikali mna njia yenu. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, na ipo mifumo ya serikali ya barua pepe na ya ofisi mtandao kwa ajili ya kazi zenu. Barua ya ofisi ya kata itoke kwenye anwani ya serikali. Mwananchi akipokea barua ya mtendaji kutoka akaunti binafsi atajuaje kama ni ya mtendaji kweli au ya tapeli?

Mtandao ukikatika

Kabla ya mapendekezo, neno moja kuhusu mtandao. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania pamoja na majirani zake ikazorota mtandaoni. Wenye nyaraka kwenye wingu peke yake walibaki wakitazama kiduara kinachozunguka. Na hata siku za kawaida bando huisha.

Programu hizi zina njia ya kufanya kazi bila mtandao, lakini lazima uiwashe mapema, mtandao ukiwepo. Kwenye simu unaliteua faili lipatikane nje ya mtandao. Kwenye kompyuta unawasha mpangilio huo ndani ya Drive ukitumia kivinjari cha Chrome au Edge. Unaandika, na mtandao ukirudi mabadiliko yanapanda yenyewe. Anayengoja mpaka mtandao ukatike ndipo aiwashe amechelewa.

Mapendekezo

Nayaleta sita, yote yanawezekana bila kununua chochote, isipokuwa bando, flashi na karatasi za kuprintia.

Kwanza, kila kikundi kifungue akaunti yake, yenye jina la kikundi. Taarifa za kuirejesha, yaani namba ya simu na barua pepe ya akiba, ziwe za viongozi wawili tofauti. Nyaraka zilizopo kwenye akaunti za watu zihamishiwe umiliki huko. Drive inaruhusu kumkabidhi mwingine umiliki, naye akakubali. Neno la siri liandikwe, lifungwe kwenye bahasha, na bahasha iingie ndani ya sanduku la kufuli tatu.

Pili, ruhusa zitolewe kwa majina. Wanachama wote wawe wasomaji, katibu na mweka hazina wawe wahariri. Acheni kabisa mtindo wa kurusha kwenye kundi la WhatsApp kiungo kinachomruhusu kila anayekipata kuhariri. Anayeingia kwa kiungo hicho bila kujitambulisha, mfumo humpa jina la mnyama tu. Hisa zikibadilika mkononi mwa asiye na jina, mtamuuliza nani?

Tatu, kila mwisho wa mwezi toleo lipewe jina, na nakala ipakuliwe katika muundo unaofunguka kwenye programu nyingi. Ihifadhiwe kwenye flashi ya kikundi, na ukurasa wa jumla uprintiwe, usainiwe, uingie kwenye jalada. LibreOffice, mrithi wa ile OpenOffice iliyowahi kusema Kiswahili, haina ada na inafungua nakala hizo bila mtandao. Mara moja kwa mwaka tumieni Google Takeout kupakua akaunti nzima.

Nne, shule zetu ziulizie vifurushi vya elimu. Google na Microsoft zote zina kifurushi cha msingi kisicho na malipo kwa shule zinazokidhi vigezo. Humo akaunti zinakuwa za shule, na mwalimu akihama, msimamizi anamfungia mlango bila kugusa kazi aliyoiacha.

Tano, kila mmoja wetu mwenye akaunti binafsi atumie mpangilio wa Google wa akaunti isiyotumika. Unakuruhusu kuteua watu hadi 10 watakaopewa taarifa au data yako ukinyamaza kwa muda uliouchagua. Ni wosia wa kidijitali, na wosia huandikwa mtu akiwa mzima.

Sita, kila kikundi kimteue mtu wa kufuatilia mabadiliko. Kazi yake ni kusoma taarifa za kampuni na kuleta kikaoni, mara moja kwa robo mwaka, mambo matatu: kipi kipya kinatufaa, sharti gani limebadilika, na tufanye nini. Liwe kwenye ajenda, baada ya yatokanayo.

Ndugu Mwenyekiti, vijana wa Dunda wana ujuzi wa kutosha wa simu na kompyuta. Kinachohitajika ni wazee na viongozi kuwapa utaratibu wa kuufuata, kwa sababu utaratibu wa kutunza mali ya pamoja wanaujua wao kuliko kampuni yoyote. Naomba kikao kijacho cha kila kikundi kilichowakilishwa hapa kianze kwa swali moja, na jibu liandikwe kwenye muhtasari: kitabu chetu kiko kwenye akaunti ya nani? Jibu likiwa ni jina la mtu, hata awe mwaminifu kiasi gani, hamisheni umiliki siku hiyo hiyo, wote mkiwepo. Nami nitakuwapo kwa kikundi chochote kitakachohitaji msaada wa kufanya hivyo.